Tenki Jipya na Wimbi ya Nyarkanyamwa

Ntimaru, Kuria Mashariki,
Jumapili, tarehe 9 Juni 2024.

Kwa ndugu yangu Chrispine,

Amani ya Bwana iwe katika boma lako. Hujambo wewe, na mgongo je, bado unakusumbua ukiinua jerikani? Mke wako Pamela hajambo? Yule ng'ombe mweusi alizaa salama? Sisi huku tu wazima kwa neema. Mvua imetuchapa mpaka barabara ya kushuka Migori imekuwa tope tupu, lakini mahindi yanashukuru. Mke wangu Milka anawasalimu sana, anasema kile kikapu cha Pamela bado kiko huku na hakijapotea.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Umenipigia mara saba tangu mazishi, nimezihesabu, na sikushika hata moja. Simu ni kitu cha haraka. Mtu akisita kidogo tu mwenzake anasema haloo, haloo, unanisikia, na lile neno lililokuwa linakuja linarudi tumboni. Karatasi inangoja. Kwa hiyo nimeketi mezani baada ya chai, nimeomba, na Caren muuza omena ataibeba barua hii kesho akipita kwako kushuka Homa Bay. Nakuomba uisome mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Kwanza nikupe pole ya Mama. Najua pole ya miezi mitatu ni ugali uliolala, lakini pokea. Mlimzika mama yako, Nyarkanyamwa wetu, Ijumaa ile bila mimi, mimi aliyekuwa akiniita mwanawe wa Kuria, na nikamtuma Caren huyu huyu awaambie pikipiki imeharibika. Halafu Alhamisi ile ya mwisho wa mwezi uliopita uliniona nikipita kwako bila kusimama. Usijiambie labda alikuwa mtu mwingine. Nilikuwa mimi. Barua hii ni ya mambo hayo mawili, lakini niruhusu nianze na pikipiki, maana yote yanapitia hapo.

Tenki langu la zamani unalijua kuliko mtu yeyote. Nilipoanguka nalo mteremkoni Kegonga lilipasuka ubavu, na likijazwa kupita katikati linatoa machozi. Miaka minne limebeba lita nne tu. Lita nne zilinifikisha na ndizi zangu mpaka kwenye meza yako ya petroli ya chupa kando ya barabara, na hata nikiongeza Migori hazikunivusha hapo kwenda Homa Bay na mzigo ule. Ndiyo maana kila Alhamisi nilisimama. Ulinicheka sana, ukiniita omera, ndugu kwa Kijaluo, eti Mkurya ana pikipiki inayonyonya kama ndama, eti tenki langu ni kikombe cha chai. Nikikwambia nitatafuta kubwa unasema hapana, liache hivyo hivyo, siku ukipata tenki kubwa utatusahau. Na Mama akisikia kicheko anauliza kutoka ndani kama Jakuria, Mkurya wake, amefika, na kama amefika, mbona hajaketi.

Basi mwezi wa tano nilinunua tenki kubwa. Ni la lita kumi na tatu, la pikipiki ya nguvu zaidi, nililitoa kwa wauza vyuma pale Migori. Jekundu, lina kovu moja tu. Niliamua kulifunga mwenyewe hapa nyumbani, nisimwite fundi, kwa sababu fundi huuliza maswali. Lakini nilimsahau Milka. Alikuja na ungo wake wa mboga, akaketi karibu, akauliza tenki la nini wakati petroli ya Chrispine haijaisha. Nikamjibu kwamba ni kwa usalama wa safari. Akasema aha, na akaendelea kuchambua mboga. Hiyo aha yake unaijua.

Ndani lilikuwa na kutu. Nikatia kokoto na maji ya sabuni, tukalitikisa mimi na yeye, kila mmoja na upande wake, na maji yakatoka na rangi ya uji wa wimbi. Milka akasema hivyo hivyo, kwa sauti, kwamba tumepika uji. Alicheka. Mimi nilikwenda kutafuta spana.

La zamani lilitoka kwa urahisi. Nilifunga koki, nikachomoa mpira wa mafuta, nikafungua bolti moja chini ya kiti, likanyanyuka kama kofia. Jipya likawa na kiburi. Zile raba mbili za mbele zinazolishika shingoni zilikuwa nyembamba kwake, likawa linacheza, ikabidi nizivishe vipande vya tyubu ya baiskeli. Sikio la nyuma halikufikia tundu lake, nikakata chuma bapa, nikakitoboa pande mbili, nikaunganisha. Kiti nikakirudisha nyuma vidole viwili. Saa tisa nilikuwa nimemaliza, nikapanda juu kama mfalme, nikakata usukani kulia, sawa. Nikakata kushoto, ukagonga tenki, ko! Milka akainua kichwa akauliza, kwani kwa Chrispine ni upande gani wa barabara? Nikasema kushoto. Akasema, basi pikipiki imekuelewa, haitaki tena kukata huko. Alikuwa anatania, Chrispine, hakujua lolote. Lakini nilishuka upesi. Nikaliinua tenki kwa pete mbili za chuma, na usukani ukapita.

Miezi mitatu kabla ya hapo sikuwa nimeshuka Homa Bay hata mara moja. Ndizi nilikuwa naziuza Migori na kurudi. Alhamisi ile nikajaza tenki mpaka shingoni, nikaja. Unaijua sauti ya injini yangu hata kabla hujaniona, kwa hiyo nilipotokea ulikuwa tayari umeinuka kwenye benchi, faneli mkono mmoja, chupa mkono wa pili, unatabasamu. Nikainamisha kichwa, nikavuta mafuta. Kwenye kioo nikakuona bado umesimama. Hukuishusha faneli mpaka kona ikakuficha. Nilinunua omena zangu, nikarudi kwa njia ya Rongo, mbali kote huko, ili nisikuone tena.

Sabato iliyofuata ilikuwa zamu yangu kuongoza maombi ya wafiwa. Nikataja majina ya watu wawili, nikafika kwa Mama, ulimi ukakauka mbele ya kanisa zima. Mzee mwenzangu Ogeto akanishika bega akidhani nimezidiwa na machozi. Hayakuwa machozi.

Jumanne Caren akapita hapa. Aliniambia kwamba kila Alhamisi, tangu Machi, unajaza chupa nne za lita moja moja, unaziweka chini ya meza, na mteja akizitaka unasema hizo ni za Maroa, yaani mimi. Hata baada ya mimi kukupita bado umeziweka. Caren akaniuliza, mzee, kwani huyu mtu umemkosea nini? Nikaenda ghalani, nyuma ya magunia, nikatoa mfuko mweupe wa unga, nikauweka mbele ya Milka.

Sasa nisikie, ndugu yangu. Pikipiki haikuharibika.

Mwezi wa pili, Mama alipokuwa ameacha kula, aliniita mlangoni akaniambia kila chakula kinamkataa, anatamani nyuka peke yake, uji, tena si wa dukani, wa wimbi ya Kuria kama ule niliowaletea mwaka juzi. Nikasema, Alhamisi ijayo, Mama. Alhamisi hiyo nilisahau kabisa. Ya pili yake Milka alisaga mwenyewe, akafunga kwenye mfuko mweupe, na asubuhi nikaufunga juu ya mzigo. Ukabaki mkungu mmoja wa ndizi, mkubwa, wa mwenye hoteli moja kule Homa Bay, na keria imejaa. Nilisimama pale nikautazama mkungu, nikautazama mfuko. Kisha nikafungua kamba kwa mikono yangu hii, nikaushusha unga wa Mama, nikaupandisha mkungu. Nikajiambia, wiki moja ni kitu gani? Mfuko nikauficha ghalani ili Milka asiuone, na yeye akaamini umefika.

Nilipofika kwako Mama akauliza. Nikamwambia wimbi bado ni mbichi, haijakauka, haisagiki. Akasema si neno, atangoja. Akanishika mkono akaniombea barabara.

Jumatatu ukanipigia kwamba amelala. Ukanieleza, ukilia na kucheka pamoja, kwamba siku zile za mwisho aliukataa uji wa Pamela, akisema msimjaze tumbo bure, wa Jakuria uko njiani. Uliniambia kama mtu anayetoa zawadi, nijue alivyonipenda. Nami nikasema mtandao unapotea, nikakata simu. Sisemi unga ungemponya, siku zake zilikuwa mikononi mwa Mungu. Lakini alikuwa akiningoja mimi, na alikuwa akingojea uongo. Ningesimamaje kaburini pake mbele yako? Na kila Alhamisi niliyokosa ilifanya inayofuata kuwa nzito zaidi.

Na tenki sikulinunua kwa usalama wowote. Nililinunua ili nikupite. Ulisema kwa mzaha kwamba nikipata tenki kubwa nitawasahau. Mimi nililitafuta ili nisahau, na sikusahau.

Milka aliufungua ule mfuko, akakuta wadudu wameingia. Hakunipigia kelele, afadhali angepiga. Aliufunga tena, akasema mguu umeshindwa, basi mkono ujaribu, andika. Akanikumbusha pia lile ulilotueleza wewe mwenyewe, kwamba kwenu hata aliyechelewa matanga mwaka mzima huingia bomani akilia tangu langoni, na hakuna anayemfukuza. Sijui kama desturi hiyo inamfaa pia mtu aliyechelewa kwa sababu kama yangu. Wewe ndiwe utakayesema.

Ukikubali, nitakuja Alhamisi ya tarehe ishirini. Wimbi nyingine tumeshaianika, Milka atasaga Jumatano, na safari hii mfuko utapanda kwanza, kabla ya ndizi yoyote. Nitalia kuanzia langoni. Kisha Pamela akipenda aupike, tunywe, na sehemu ya Mama iwekwe pale alipokuwa akiketi. Na tenki lile kubwa sitalijaza. Nitaweka lita nne, kama za zamani, za kunifikisha kwako basi. Nikishikwa na woga tena nikataka kupita, halitanivusha ile kona. Itanibidi nirudi kwako nikisukuma, unione.

Ukiona ni heri nisije, niambie hivyo, nami sitakulaumu. Ila zile chupa nne wauzie wengine, zisiendelee kuningoja.

Msalimu Pamela, na watoto wote, na majirani wanaonijua. Mungu awalinde, na mgongo wako aushike. Caren anarudi huku Jumatano. Tafadhali mpe jibu lako, hata likiwa la mstari mmoja. Nijibu upesi.

Ni mimi ndugu yako,
Maroa Gisiri