Kikanyagio cha Baba Mkwe

Mpendwa Baba Tumpe,

Gari lako lipo uani, limeoshwa, halina neno. Naanza na hilo kwa sababu nakujua, ungeuliza habari za gari kabla hujauliza nimeamkaje. Sijaamka vizuri, kama unataka kujua. Nina wasiwasi ambao ukiusikia utacheka, maana chanzo chake ni kipande cha chuma. Fundi wa Chang'ombe alikuwa anataka jibu: alifungie gari vikanyagio vya pembeni, vile vya kupandia chini ya milango, au aliache kama ulivyoliacha wewe. Wiki tatu nilikuwa namwambia nitamjulisha.

Jibu lako nalijua. Siku uliyolileta uliliegesha getini, ukainama mpaka shavu likakaribia vumbi, ukaniita na mimi niiname. "Mama Tumpe, ona tumbo lilivyo juu. Hili hata korongo la kwa mjumbe linapita." Kagari kenyewe kafupi, kanaenea popote, lakini ka juu, na ndiyo sababu ulikapenda. Jirani mmoja alipolifunga lake taa za rangi na mabati ya pembeni, ulisema amelivalisha gari hereni. "Hili langu halivai hereni." Mimi nikasema sawa, Mpare hagombani na mtu anayekataa matumizi. Ulicheka ukaenda kuwasimulia watu wote kanisani, na mimi nikanuna siku nzima.

Lakini wakati huo baba yako alikuwa na mtu wa kumpandisha. Ulikuwa unaingiza bega lako chini ya kwapa lake, "haya mzee, moja, mbili," na yeye anapiga kelele, "Taratibu, mimi si gunia la mpunga!" Tayari ameshakaa kitini. Mimi nilikuwa nasimama jikoni nawasikiliza. Sikuwaza hata siku moja kwamba kupanda gari ni kazi.

Sasa magoti yake hayakunji. Sukari imemla nguvu za miguu, na kliniki anatakiwa kwenda kila mwezi. Dereva ni mimi. Na mimi, kati ya watu wote wa Dar es Salaam hii, ndiye mtu asiyeruhusiwa kumshika.

Unakumbuka uliponipeleka kwenu Tukuyu mara ya kwanza? Hukuniambia kitu. Mimi mtoto wa Upareni nimefunzwa kwamba mkubwa anaamkiwa kwa goti na mkono, nikamwendea baba yako mkono mbele, "Shikamoo baba." Mzee akageuka akaiangalia migomba, kana kwamba migomba ndiyo iliyomwamkia. Shangazi yako akanivuta kanga karibu inivuke. Tulipopanda basi la kurudi ndipo ukakumbuka kunieleza: mkamwana na baba mkwe hawashikani mikono, hawatazamani usoni, hawakai pamoja. "Si chuki. Ndiyo heshima yenyewe hiyo." Nikakuuliza kwa nini hukunieleza mapema. "Nilisahau," ukasema, kama mtu aliyesahau kununua chumvi. Miaka kumi na tisa imepita na sijui kama nimekusamehe kabisa.

Tulizoea, lakini. Ulipomjengea kile chumba cha nje chenye mlango wake, yeye na mimi tukapata njia yetu. Akitaka kuniambia jambo anamwambia Tumpe. "Tumpe, mwambie mama yako ndizi za leo zimeiva vizuri." Mimi nipo hapo hapo, nimegeukia ukuta, najibu, "Tumpe, mwambie babu asante." Mwanao sasa yuko bweni Iringa, kidato cha tano, na bado ndani ya nyumba hii anatumwa mara kumi kwa siku.

Kwenye gari anakaa nyuma, mlango wa kushoto. Kioo cha ndani nakigeuzia juu nisimwone uso, naendesha kwa vile vya pembeni. Usiniulize kuhusu askari wa barabarani. Mchungaji alipojua alitushauri kwamba katika Kristo mambo hayo yamekwisha, na baba akamjibu kwa adabu kwamba Kristo hakuwahi kuwa na mkamwana. Ningependa ungekuwepo usikie.

Alipoondoka Tumpe, aliyekuwa anampandisha babu yake, niliweka kreti la soda. Nalisogeza mlangoni, narudi nyuma hatua tatu, yeye anakanyaga, anashika nguzo ya mlango, anapanda. Mara mbili ilikwenda vizuri. Mara ya tatu mvua ilikuwa imenyesha, ardhi laini, na kreti likazama upande mmoja.

Nilimwona anavyoanguka. Hili sijamwambia mtu yeyote, nakwambia wewe. Alienda taratibu kabisa, nafasi ya kumdaka ilikuwepo. Mikono yangu ilitoka, halafu ikarudi. Ikarudi yenyewe, Baba Tumpe, kabla sijafikiri. Miaka yote ile ya kugeukia ukuta ilikuwa imeifundisha hivyo. Nikabaki nimesimama hatua zangu tatu, nimejishika kifua, na baba yako amelala ubavu kwenye tope, kofia kule, fimbo huku.

Aliyemwinua ni Mama Rehema wa genge. Alikuja mbio ameacha nyanya zake, akamkumbatia mzee mzima mzima, akamsimamisha. Halafu akanigeukia.

"We Mama Tumpe! Unamwangalia tu baba wa watu? Mie nikadhani una roho!"

Ningeanzia wapi kumweleza, pale barabarani? Baba ndiye aliyesema, huku anajifuta tope, wala hakuniangalia: "Mama, usimgombeze. Amefanya vizuri." Maneno hayo yaliniumiza kuliko ya Mama Rehema. Hakuvunjika, tunashukuru Mungu, ila nyonga ilivimba wiki nzima. Jumapili yake nikamsikia anasema kwa mlango wazi, "Tumpe, mwambie mama yako, mahindi yakikomaa mimi nirudi kwangu. Nimewasumbua vya kutosha."

Kwake Tukuyu kuna nani? Mama alishatangulia, wewe umefuata, nyumba inakaa popo. Akienda atakuwa anajipikia kwa miguu ile ile. Na nikwambie ukweli, siogopi kwa ajili yake tu. Akikohoa asubuhi anakohoa kama wewe. Akiondoka huyu, ndani ya geti hili hakutabaki sauti inayofanana na yako.

Ndiyo nikaenda Chang'ombe.

Fundi ni mtu mzima, jina lake Abasi, ana maneno kidogo na mikono mizito. Akazunguka gari, akapiga magoti, akachungulia.

"Dada, nikwambie ukweli au nikuuzie?"

"Niambie ukweli."

"Nyingi za hizi ni urembo. Mtu mzito akikanyaga, zinacheza. Ipo ya kuchomelea yenye miguu ya chuma, ile haiendi popote. Ishu ni moja: tumbo la gari litashuka chini. Unakaa wapi?"

"Madale."

Akaguna. "Kule kwenye milima? Na yale makorongo? Mmh. Utakuja kunilaumu, dada."

Nikarudi nyumbani na gari langu lile lile. Tangu siku hiyo kichwa changu hakitulii. Nikipika nawaza chuma kinagonga jiwe. Nikiwa kazini, naandika barua za watu, nawaza kutu itakayoanzia pale fundi atakapochomelea na kulila gari lako kidogo kidogo. Halafu nawaza lililo baya zaidi: kreti niliweka mimi. Na hiki kikanyagio nitaweka mimi. Kikiwa na maji, akateleza, watasema nini ndugu zako? Watasema mwanamke wa Kipare amemwangusha mzee mara mbili. Na mimi nitasema hivyo hivyo.

Jumamosi nikachoka kuwaza. Nilichukua ubao wa kitanda cha zamani, nikaufunga kwa kamba chini ya milango ya kushoto, kwenye kimo kile alichonionyesha fundi, nikashuka nao korongo la kwa mjumbe. Baba alikuwa ametoa kiti nje anaota jua. Nikamsikia, "Tumpe, hivi mama yako anafanya nini?" Tumpe wa Iringa hakujibu, na mimi sikumsaidia.

Ubao ulikwaruza. Nilisikia kabla sijafika chini, krrr, na moyo wangu ukashuka nao. Niliporudi nikaufungua, nikakuta ukingo umechubuka urefu wa kiganja. Kwa hiyo ulikuwa sahihi, Baba Tumpe. Gari lako likivaa hereni litagusa. Nilikaa kwenye ngazi ya jikoni na ule ubao mapajani, nikalia kwa hasira. Nilikukasirikia wewe. Umekwenda umeniachia gari la juu, na baba wa chini, na mikono isiyoruhusiwa, halafu umeniachia na maneno ya kuchekesha ambayo kila nikitaka kuamua jambo yananisimamia mlangoni.

Nilipomaliza kulia nikauangalia tena ubao. Umechubuka, haujavunjika. Na kuna njia ya kuzunguka kwa juu, inaongeza robo saa, haina korongo. Nikasema kwa sauti, ukuta ukanisikia: bora liguse gari kuliko aguse baba.

Jumatatu nikampigia Abasi. Nikamwambia upande mmoja tu, wa kushoto. Upande wangu naruka mwenyewe.

"Upande mmoja? Dada, litakuwa kama limevaa kandambili mguu mmoja!"

"Acha livae," nikasema. Nilimwambia pia asiache chuma kitupu. Akakata mpira wa tairi, akaugongomea juu kwa misumari ya kubana, ule mpira wa viatu vya katambuga ambao hata kwenye tope unashika. Akakichomelea, akasimama juu yake yeye mwenyewe, akaruka ruka. Nikamwambia aruke tena. Akaruka. Nikamwambia tena. "Dada, sasa utanilipia na magoti," akasema, lakini aliruka.

Jana ilikuwa kliniki.

Niliamka mapema. Nikalitoa gari, nikalisimamisha pale penye saruji, nikafungua mlango wa nyuma, nikarudi hatua zangu tatu. Baba akatoka amevaa koti lako la kahawia, linampwaya mabegani. Akasimama mbele ya kikanyagio. Akakigusa kwa fimbo, mara moja, mara mbili, kama anayebisha hodi. Akaweka mguu wa kulia juu. Akashika nguzo ya mlango. Akavuta.

Mwili haukupanda.

Akavuta tena. Fimbo ikamponyoka ikalia kwenye saruji. Mguu mmoja juu, mguu mmoja chini, hawezi kwenda mbele, hawezi kurudi. Nikaangalia barabarani kama Mama Rehema yupo. Genge lilikuwa limefungwa. Mikono yangu ikatoka. Nikaiona inaanza kurudi.

Ndipo akasema. Hakumtuma Tumpe. Alisema huku anaangalia ndani ya gari, kwenye kiti kitupu cha dereva ulichokuwa unakaa wewe.

"Ambakisye."

Sijasikia jina lako kinywani mwake tangu makaburini. Wote tunasema marehemu, tunasema Baba Tumpe. Yeye alikuita kama anavyomwita mtu aliye chumba cha pili.

"Ambakisye, mwambie mkeo asogee. Asinishike. Akae tu nyuma yangu, karibu."

Nilisogea. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikasimama nyuma yake karibu kiasi cha kunusa sabuni kwenye koti lako, mikono nimeifungua huku na huku, haijamgusa popote. Nadhani alisikia pumzi zangu. Akaishika nguzo upya. Akavuta mara moja, mpira ukashika, mwili ukapanda, akaketi.

Nikaokota fimbo nikaiweka sakafuni karibu na miguu yake. Nikafunga mlango. Nilipokaa kwenye usukani nilikuta nimeloa jasho mgongo mzima.

Tulizunguka kwa juu. Karibu na barabara kubwa akakohoa, kile kikohozi chenu, akasema, "Ambakisye, mwambie mkeo, mahindi hata yakikomaa, wapo kule wa kuyavuna." Sikuweza kumjibu. Nilijifuta macho kwa mkono, na kioo nilikuwa nimekigeuzia juu, kwa hiyo hakuona.

Wasiwasi haujaisha, usidhani. Leo asubuhi nimeinama kuangalia kama chuma kimegusa mahali, na mwezi ujao mvua zitakuwa zimeanza. Nitakuwa nimesimama pale tena. Lakini jibu lake nililishindwa jana, na wewe ndiye aliyetumwa, kwa hiyo nakutuma na mimi. Ukimaliza kulicheka gari lako lenye hereni moja, mwambie baba yako nimesikia. Mwambie nipo nyuma yake.

Mkeo, mkamwana wa baba yako,
Mama Tumpe