Nimemkuta Baba Ukutani

Shoga, nina hasira! Nimepanda mpaka kile kijiji cha wachoraji juu ya kilima, pumzi zimeniishia, naingia chumba cha kwanza. Nani yuko ukutani? Marehemu baba!

Baba yangu kabisa, na kofia yake iliyotoboka!

Namwambia mchoraji, "Huyu baba yangu, niuzie hii picha." Ati, "Haiuzwi, dada. Alikuwa rafiki yangu."

Haiuzwi! Baba yangu mwenyewe! Nikapandisha sauti mpaka wageni wakageuka.

Akasema, "Kumbe ndiwe yule binti yake? Alikuwa anakuja hapa kila Jumapili. Nikimuuliza habari za watoto, anasema, 'Binti yangu ana kazi nyingi.'"

Shoga, nilitoka mbio. Niko nje kwenye ngazi, nalia, na hasira zote zimenigeukia mwenyewe.