Blanketi la Walburga

Columbus, Jumapili baada ya misa

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na lile paa la jikoni, fundi alirudi au bado anakula ahadi zake? Mimi mwili mzima, sidanganyi. Roho ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Usishangae kupata barua badala ya sauti ya WhatsApp. Simu yako husikilizwa na nyumba nzima, na shangazi husikia hata nisichosema. Hii isome peke yako, mlango umefungwa.

Otilia yuko palepale Louisville, mtaa wa Iroquois, anafunga maboksi ghalani. Akiwagombeza watoto kwa Kiswahili wanamjibu kwa Kiingereza, naye anajifanya hajasikia. Leopoldi huko Buffalo amenenepa, anasema ni makoti. Mimi niliacha lile ghala la Gahanna kwa sababu ya mgongo. Sasa natunza mapadri wazee katika nyumba moja huku Westerville: kuogesha, kulisha, kugeuza.

Wiki ya kwanza nilipelekwa chumba cha mwisho kwa mzee aliyesahau Kiingereza, amebaki na Kijerumani na Kiswahili. Kuingia, nani nimkute? Padri Baroni! Yuleyule aliyetubatiza sote watatu kambini. Unakumbuka tulivyodhani baroni ni cheo cha kanisa, juu ya padri na chini ya askofu? Kumbe ni ubwana wa kwao, alizaliwa nao. Nilimpigia magoti nikilia. Hakunitambua.

Ukutani ana picha moja ya zamani. Nyumba kubwa, madirisha mengi kuliko nyumba zote za mtaa wetu wa kambini, na mbele yake baba mwenye masharubu, mama, na watoto wanne. Chini yameandikwa majina. La kwake, halafu Leopold, Otilia, Walburga. Majina yetu sisi watatu! Nilisoma mara tatu, ndoo ya maji mkononi.

Mama, ulimwambia unataka nibatizwe Maria, akasema akina Maria wamejaa. Tukafikiri ametupa watakatifu wa kwao. Alitupa ndugu zake waliokufa. Mapadri wenzake walinisimulia: Leopold alichukuliwa kwenye Vita Kuu ya Pili akiwa kijana wa miaka kumi na sita. Otilia aliuawa na homa vita vilipokwisha. Walburga, mdogo wao, alifia njiani kwenye theluji, wakikimbia na mkokoteni wa farasi. Walikuwa wakimbizi kama sisi, na miaka yote ile ya kutugawia sabuni na mahindi hakututamkia neno! Ukoo ukabaki kwake peke yake, naye akaenda kuufungia ndani ya kanzu. Baba yake hakumsemesha tena mpaka kufa.

Kila asubuhi kwenye uji alikuwa anaita majina kama katekista. Leopold, kimya. Otilia, kimya. Siku aliyosema Walburga nilijibu kwa mazoea, "Nipo, Padri." Akaacha kijiko. Tangu hapo nikawa huyo.

Nilichokuwa sielewi ni blanketi. Nikimfunika, analivua na kunisukumia. "Chukua wewe." Wenzangu wakasema mzee anasikia joto. Jumatatu, baada ya kumwogesha, alinishika mkono akanieleza. Kule njiani walilala kwenye mkokoteni, yeye na Walburga, kila mmoja na blanketi lake. Yeye miaka kumi, dada yake sita. Baridi ikamzidi, akachukua la dada yake, akisema moyoni nitamrudishia kidogo tu. Usingizi ukampitia. Kulipokucha mtoto amekauka. Mama yao alipouliza, akajibu kwamba Walburga alilitupa mwenyewe. Hajamwambia mtu mwingine. Labda Mungu.

Akaniuliza, "Walburga, umenisamehe?"

Nilimwambia ni saa ya dawa, nikatoka.

Nilikasirika, Mama. Nisameheje kwa kinywa cha mtoto wa watu? Naye nani alimruhusu kutuvika maiti zake tukiwa wachanga? Nilimpigia Leopoldi. Akacheka.

"Sema ndiyo, mzee apumzike. Ulimi hauna mfupa, dada."

"Na huyo mtoto je, akiwa hajasamehe?"

"Basi atamwambia mwenyewe wakionana."

Kwake kila kitu rahisi.

Alhamisi alikuwa amedhoofika, hata kwenye uji hakuita majina. Baada ya chakula cha mchana akafumbua macho, akauliza tena. Nikamtazama yule mzee, mikono imebaki mifupa, nikaona siwezi. Nikasema, "Nimekusamehe, kaka."

Akatabasamu. "Basi lichukue. Jifunike nikuone."

Nikalichukua, nikajifunika mabegani. Nilisema moyoni, akishalala tu nitamrudishia. Nje theluji inaanguka, mimi nimekaa kitini, nilikuwa nimeunga zamu mbili. Joto likanishika, Mama. Nilipozinduka, alikuwa amekwisha kufa.

Nisalimie shangazi, lakini usimpe barua hii. Msalimie mama mdogo na wanawe, na katekista mzee, mwambie Padri Baroni amefariki, wamwombee misa. Yule jirani wa kisimani mwambie viatu vyake nimevipata, namba ileile.

Hapa nilikuwa nimekwisha kuweka jina langu, nikalifuta. Kuna neno nimekuficha.

Nesi wetu ni Mkenya, mama mwenye huruma. Aliingia mimi ningali nimesimama, blanketi nimekwisha kulitupa sakafuni. Akagusa paji la mzee, akanigeukia. "Woi, Walburga, mbona hana blanketi? Amelitoa mwenyewe?"

Nikasema, "Ndiyo. Amelitupa mwenyewe."

Lilitoka kabla sijafikiri, Mama. Akaandika hivyo kwenye fomu. Najua uzee ndio uliomwua, daktari mwenyewe alikwisha sema siku zimehesabika, na chumba kilikuwa na joto la kutosha. Najua yote hayo. Lakini tangu Alhamisi nasikia baridi. Naongeza nguo, naongeza shuka, nasikia baridi.

Jumamosi kuna maungamo. Nimepanga kwenda, halafu najiuliza, nikipiga magoti pale, nitakuwa naungama dhambi yangu au yake? Wewe uliyetuvusha mpaka kuingia Tanzania, najua kuna mambo ya njiani hujawahi kumwambia mtu. Niambie unayabebaje.

Ukinijibu, niandikie kwa jina ulilonipa wewe siku niliyozaliwa. Lile la ubatizo usiliweke kwenye bahasha. Watu wa posta watahangaika, waache wahangaike.

Mwanao,
Ndayizeye