Nilikula Mbele ya Mama Mkwe

Mshauri wetu mpendwa, nisaidie kabla mke wangu Émérance hajajifungua, maana mama yake ndiye wa kumpokea mtoto na sijui kama atakanyaga kwangu tena. Mimi ni fundi wa magari hapa Kasongo, nilifufua lori bovu nikalijengea nyumba ya mbao mgongoni, na vitanda, na jiko, hata dirisha, nikasema twende Katanga tukaone ile mbuga ya serikali yenye mawe mekundu wanayoisimulia madereva, mama mkwe naye akatamani kuja, nikafurahi kwa ujinga wangu, nikapanga yeye alale ndani na mimi nje, na wakati wa kula nijitenge, kwa sababu kwetu mtu na mama mkwe wake hawaonani wakitafuna. Njiani tuliweza. Lakini mbugani, mchana kweupe, simba walikuja kulala kwenye kivuli cha lori letu wasiondoke, sisi watatu tumejifungia ndani, njaa ikanibana, ndipo mama mkwe mwenyewe akamega bugali akaniwekea mkononi: "Kula tu, Hippolyte. Simba hajui mukwe." Nikala, naye akala, tunatazamana.

Tangu turudi yuko kwake Kabambare, kimya, ila alimtumia Émérance samaki wakavu, na kichwa kimoja kimefungwa peke yake, eti cha fundi. Mke wangu analia kwamba nimemtia mama yake aibu. Je, nimeharibu?

Hippolyte, Kasongo

Hippolyte, pumua. Hujaharibu kitu. Mwanamke aliyekasirika hamfungii mkwe wake kichwa cha samaki. Mama mkwe wako anaona haya kama wewe, na kila mmoja anamngojea mwenzake. Nilipofika kwenye simba katika barua yako nilicheka, halafu nikakasirika: ulipima mbao, ukapima vitanda, na hukufikiri kutundika kitenge katikati? Fundi gani wewe?

Sasa sikia. Usitangulie mwenyewe. Mtume kaka wa mke wako kwa mama yake na kuku, aseme, "Hippolyte alikula mbele yako, anaomba njia ya kuja kwako." Atampokea, na jambo limekwisha. Kesho yake nenda na lori umchukue, yeye nyuma, wewe kwenye usukani, bila kugeuka. Fanya hivyo wiki hii. Haya yako inaweza kungoja, mtoto hangoji.