Chupa Iliyong'aa Ronge

Voi, 4 Novemba 2024

Mke wangu Nyanya Tryphena,

Hujambo? Magoti yanakusumbua bado? Mimi mzima, na joto la Voi halijanipunguzia uzuri.

Nasikia hutaki kwenda harusi ya Anko Obadiah, eti utakaa mbele za watu ukinywa mchuzi wenzako wakitafuna mbuzi. Wewe! Huna meno, lakini una mimi. Shule niliachia kidato cha pili, sasa naitwa mtaalamu. Nimejiita mwenyewe, ila naitika. Bosi wangu, Dada Risper, anafuga ukungu kwenye pumba za mahindi. Ukungu hutoa kimeng'enya cha kulainisha nyama, mabucha hununua. Shida ni kwamba pumba peke yake ni lishe hafifu, kimeng'enya kinatoka kidogo, nyama inabaki ngumu kama kandambili. Halafu joto limeua ukungu wa chupa zote, imebaki moja tu. Nimemwapia Risper kwamba kwa nyanyangu hakuna joto.

Binamu yangu Elsie analeta chupa hiyo. Iweke jikoni penye baridi.

Mumeo, Harrison

Ronge, 7 Novemba

Mume wangu mwenye maneno,

Sijambo, magoti yananong'ona mvua. Barua yako nimesoma mwisho tu, maana mwanzo huwa majisifu. Chupa nimeiweka. Lakini aibu gani hii? Pumba zimeota manyoya! Nimemwaga, nikasugua kwa majivu, inang'aa. Jikoni kwangu hakilali chombo kichafu.

Mkeo

Voi, 9 Novemba

Nyanya,

Shikamoo. Leo si mke. Umeosha ukungu wetu wa mwisho! Risper hakunigombeza, alianza kuhesabu madeni. Tusipoupata anafunga kazi, na mimi narudi kulima. Pumba ulimwaga wapi? Usifagie, tafadhali!

Nisamehe sauti. Nilitaka tu ule nyama.

Mjukuu wako

Ronge, 12 Novemba

Mume wangu,

Upo salama? Nimesoma ile barua ya kwanza yote, hata majisifu. Kumbe yote ni kwa ajili ya meno yangu. Nililia kidogo, kisha nikaenda nyuma ya jiko. Nilimwaga pale ninapotupa mabaki ya kimanga, si unajua ndicho chakula changu siku hizi, maharagwe na mhogo wa kuponda. Ukungu wako umekula, umenenepa kama mke wa chifu! Elsie anao kwenye mkebe. Sijafagia.

Mkeo

Voi, 6 Desemba

Mpenzi,

Habari za baridi huko? Risper aliutenga na uchafu mwingine mpaka akahakikisha ndio wenyewe. Sasa tunachanganya pumba na maharagwe na mhogo, na kimeng'enya kinatoka hadi mabucha wanapanga foleni. Nilimwambia ni utafiti wangu. Alicheka hadi akakaa chini, halafu akaandika kwenye chupa ya kwanza: Tryphena.

Harusini sitafika, mimi ndiye mlinzi wa ukungu. Elsie ana chupa ya kimeng'enya kilichochujwa. Mpishi aipake nyama yako, aiache kidogo, ndipo apike. Nenda, Nyanya. Keti mbele.

Mumeo

Ronge, 16 Desemba

Mume wangu,

Nilikaa mbele. Nilitafuna polepole, kwa raha, mpaka Obadiah akasahau hotuba yake akabaki kunitazama. Mbavu zako nimekuwekea, njoo na meno yako mwenyewe.

Chupa narudisha na Elsie. Sijaiosha.

Mkeo, Tryphena