Maji ya Kwanza Niliyoyamwaga

Kwa Baba yangu mpendwa, Mzee Masinga, hapo Gulwe.

Shikamoo Baba. Mimi mwanao Ndahani ni mzima, ila vidole viwili vya mkono wa kulia vimeingia ganzi, ndiyo maana mwandiko umepinda. Mwalimu anayekusomea anisamehe. Kifua chako kimepata nafuu? Mama bado anachechemea? Mvua zimeshika, au ng'ombe wameanza kupelekwa mbali? Barua yako ya mwisho ilisema mgongo umegoma, na kisima cha kiangazi kinanisubiri mimi. Neno hilo nalala nalo, naamka nalo.

Bado tuko katika ile bahari ya huku kaskazini, iliyozungukwa na nchi kavu, yenye mlango mmoja tu upande wa kusini. Wanaiita Adria. Sasa ni majira ya baridi, na milimani unashuka upepo unaogandisha kamba hadi zinakuwa kama fimbo. Yule Bwana niliyembebea masanduku kutoka kwetu hadi pwani ana kazi moja: kila majira haya anarudi mahali palepale penye kina kikubwa, tunashusha kwa waya chupa ya shaba yenye kipimajoto ubavuni. Ikikaribia chini, tunaachia kizito kiteleze kwenye waya. Kikigonga, chupa inapinduka na kujifunga, na zebaki inashikilia joto la kulekule chini. Mtu akiipindua tena kabla haijasomwa, habari yote imepotea.

Juma lililopita, upepo ulipotulia baada ya siku nne, tulishusha chupa ya kwanza ya mwaka huu. Mwaka jana aliyekuwa akiipokea ni baharia mwingine. Safari hii nikaipokea mimi. Baba, unajua nilichofanya. Tangu utoto wangu, tukichimba mchangani mwa mto Kinyasungwe, kibuyu cha kwanza unakimwaga chini kwa ajili ya waliotutangulia, na hakuna anayethubutu kunywa kabla. Mkono ulikwenda wenyewe. Nilifungua bomba la chupa nimwage kidogo tu, lakini kwa ile baridi bomba likakataa kurudi, maji yote yakaishia sakafuni.

Bwana akaja mbio, kwa kuwa maji yale alitaka kuyapima chumvi. Maji yakimwagika hayazoleki. Akainama kusoma kipimajoto, akasoma tena, akafungua daftari la mwaka jana. Maji ya chini yalikuwa ya baridi kuliko alivyowahi kuyakuta. Ndipo akanitazama mimi.

"Umeipindua kwa uchawi wenu huo," akasema. "Kipimo kimeharibika. Keshokutwa tukifika bandarini, utashuka."

Mkataba wangu unaujua. Ukiisha salama theluji ikiyeyuka, napewa nafasi katika meli na kiangazi kinanikuta kwetu. Nikifukuzwa kwa kosa, sipewi kitu, naachwa katika mji nisiojua hata kuomba maji ya kunywa. Niliogopa, Baba. Siku fisi alipoingia zizini sikuogopa hivyo. Kisha hofu ikageuka hasira, maana kumwaga nilimwaga, lakini chupa sikuipindua.

Nikamwambia hivyo. Nikamwambia na jambo ambalo kila mchungaji wa kwetu analijua: mwezi wa Julai, jua likishapanda, ukitia mkono lamboni juu maji yana uvuguvugu, lakini chini baridi ya usiku bado imelala. Baridi ni nzito. Upepo wa siku nne umeyapoza maji ya juu, yakazama.

"Shusha tena, Bwana," nikasema. "Nikiwa mwongo, nitashuka mwenyewe."

Habari ya baridi kuzama yeye anaijua kuliko mimi. Ndiyo aliyokuja kuitafuta. Ila hakuwa tayari kuipokea kutoka mkononi mwangu.

Nahodha akasema mawingu yameshafunika vilele vya milima, upepo unarudi, atatupa muda wa chupa moja tu. Tukaushusha waya watu wanne. Ulipofika mwisho, kizito kikaachiwa, nami nikavua glavu nikaushika waya, maana kule chini kikigonga unasikia kwa kiganja tu. Nikangoja. Meli ilianza kuyumba, nahodha akapiga kelele tuvute. Sikusikia kitu. Bwana naye akainua mkono kutoa amri. Hapo waya ukagutuka kidogo, kama ndama anayenyonya. Nikasema kimegonga.

Chupa ilipopanda niliweka mikono mgongoni. Akasoma mwenyewe mara tatu, na maji yakitupiga miguuni. "Baridi ni ileile," akasema. Msamaha hakuomba, wala sikuutazamia.

Lakini kesho yake aliniita. Alisema sasa anajua mkono wangu haudanganyi, na ni lazima aone kama baridi ile itakaa chini hadi mwaka ujao. Kwa hiyo nitabaki naye majira mengine ya baridi. Mkataba unamruhusu kuurefusha. Hakuniuliza, aliniambia. Baba, nilimwomba Mungu kipimo kile kiseme kweli, kikasema, na kweli hiyo ndiyo iliyonifunga huku. Nimelia, sikufichi.

Nisalimie Mama, mwambie shuka aliyonifumia ndiyo inayonifanya niamke. Nisalimie dada yangu na watoto wake, mjomba wa mizinga ya nyuki, na shangazi aliyesema bahari itanimeza. Mwambie bado inanitafuna.

Kisima cha mwaka huu chimbeni bila mimi. Mwombe shemeji ashike jembe, wewe usiiname. Kibuyu cha kwanza kikitoka, kabla hujakimwaga, tia mkono wako ndani, uyasikie maji. Kisha mwambie Mwalimu aniandikie yalikuwa ya baridi kiasi gani.

Ni mimi mwanao, mpima maji ya watu,
Ndahani