Chupa za maji safi

Shoga, dada karudi kutoka maabara hoi, hata kula hataki.

Miezi minane analea mwani ule mdogo wa kuonekana kwa darubini. Nusu anautilia madini ya risasi, nusu unakaa kwenye maji safi ya bahari.

Leo kamwonyesha bosi wake ule wa maji safi. Seli zimevimba, kijani kimepauka, hazigawanyiki tena, sawa na za ule wa risasi. Bosi akasema, "Umechanganya chupa." Mbele ya watu! Eti umechanganya chupa!

Dada akayapima yale maji safi yenyewe. Risasi tele.

Bosi akanywea. "Basi kachote kwingine."

Shoga, maji yale aliyachota hapa ufukweni kwetu, wanangu wanapoogelea kila jioni.

Nikamuuliza, "Sasa?"

"Wasirudi tena pale," kasema, akageukia ukutani.